Vigingi vya Mbono

Mahindi ya Kahaso yaliota vyema, yakafika magotini, kisha yakageuka manjano yote katika muda wa siku tatu. Halikuwa jua, kwa maana masika ya mwaka ule wa 1946 yalikuwa yamekolea. Hakuwa mdudu, kwa maana Kahaso aligeuza kila jani akatazama chini yake. Aling'oa shina moja akaona mizizi ni mifupi, imeungua ncha kama utambi wa kandili. Udongo ulioshikamana nayo ulikuwa mweusi, na ulinuka kiberiti.

Aliujua ulikotoka. Shamba lile lilikuwa nyuma ya Magongo, mahali ambapo ardhi huanza kuteremka kuelekea hori la bahari. Lilikuwa mali ya Bi Khairiya binti Aidarus, mjane wa ukoo wa zamani wa Changamwe, aliyelirithi kwa babake. Kahaso na mumewe Ngala waliruhusiwa kukaa hapo tangu Ngala alipotoka Rabai kuja kufanya kazi ya reli. Wakati wa vita, makaa ya mawe ya kuendeshea magari ya moshi yalipoadimika, ilikuja kampuni moja ya watafutaji, ikapewa ruhusa ya kuchimba sehemu ya juu ya shamba. Walichimba mashimo manne kwa miezi kumi na minne. Walichopata ni mawe meusi ya tabaka tabaka, ambayo yakitiwa motoni yalitoa moshi mwingi na moto haba. Basi wakakunja mahema yao wakaenda zao. Mashimo waliyafukia nusunusu, na yale mawe wakayaacha yamelala juu ya ardhi, lundo refu kuliko nyumba mbili zikiunganishwa.

Ngala alikufa kwa homa ya mapafu mwaka uliofuata, na lundo likabaki. Kila mvua iliponyesha, mawe yale yalilainika yakawa tope, na tope likateremka. Mwaka wa kwanza lilifunika kunde. Mwaka wa pili lilifika kwenye muhogo. Sasa lilikuwa limeyala mahindi, na mbele yake hapakuwa na kitu tena ila nyumba ya Kahaso, na chini ya nyumba, kisima. Kando ya kisima aliishi Nyamvula, binti yake wa pekee, pamoja na mumewe na watoto wao wawili wadogo.

Kahaso alilichukua lile shina la hindi akaenda nalo kwa Bi Khairiya.

"Hodi!"

"Karibu. Ni nani?"

"Ni mimi Kahaso, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo huku uani."

Bi Khairiya alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Alikuwa mwanamke mkongwe mwenye mikono myembamba na macho yasiyopitwa na jambo. Kahaso akaliweka shina la hindi sakafuni mbele yake, kwa sababu ilikuwa desturi kila mavuno amletee kikapu cha mahindi, na mwaka huu hakuwa na kikapu.

Bi Khairiya akalitazama kwa muda. "Na ya kule chini?"

"Yote ni hali moja, bibi."

"Jamaludin aniambia niliuze lile shamba. Kuna mtu ataka kujenga maghala pale. Asema ardhi iliyokufa haina wa kuililia."

"Haijafa, bibi. Inaumwa."

"Na wewe ndiwe mganga wake?" Bi Khairiya akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Jamaludin alikuwa mpwa wake, karani wa mjini, na ndiye aliyemwendeshea mambo yake yote. "Haya. Nakupa hadi masika ya mwakani. Nikija nikaona kijani kutoka kisimani hadi kwenye lundo, siuzi, utakaa. Nikiona weusi, mwanangu, sitakuwa na la kumjibu Jamaludin. Lakini ada yetu waijua."

"Naijua."

"Itaje nisikie."

"Nipande cha kuvuna. Nisipande cha kudumu."

"Hapo sawa."

Ada hiyo kila mtu wa pwani aliijua hata kabla ya kujua kuhesabu vidole vyake. Ardhi ina mwenyewe, na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mkono uliopanda mnazi ndio wenye mnazi, hata kama umesimama katika kiwanja cha mwingine, na mpandaji akifa watoto wake huja kuudai. Kwa hiyo mkaazi aliruhusiwa mahindi, muhogo, kunde na mtama. Mnazi, mwembe, mkorosho, au chochote ambacho mizizi yake huweza kuishi kuliko aliyekipanda, hakuruhusiwa.

Kahaso alirudi nyumbani akiwa na mwaka mmoja mkononi, na hakujua aanze wapi.

Jambo la kwanza alilifundishwa na jaa lake mwenyewe. Nyuma ya jiko, mahali alipozoea kumwaga majivu, tope jeusi lilikuwa limepita kama lilivyopita kwingine kote. Lakini pale, na pale tu, ukoka ulikuwa umetambaa juu ya weusi ule na ulikuwa kijani kibichi. Alipiga magoti akauvuta; ukakataa kung'oka. Akamwita Absalom aje aone.

Absalom alikuwa rafiki wa marehemu Ngala. Kwa miaka kumi na saba alikuwa nyapara wa kundi lililopanda majani kwenye matuta ya reli ili udongo usiporomoke, mpaka gurudumu la toroli lilipomponda mguu. Alizunguka shamba akichechemea, akachukua tope kidogo, akalinusa, kisha akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"We shemeji, utakufa!" Kahaso akapiga kelele.

"Sijafa kwa chakula cha kambini, nitakufa kwa hili?" Akatema mate. "Udongo huu una kiungulia, shemeji. Tumbo linawaka. Na mwenye kiungulia hupewa nini?"

"Magadi."

"Basi majivu ndiyo magadi yake. Lakini kwa tumbo kubwa kama hili, hata ukikusanya majivu ya Changamwe nzima hayatatosha. Tafuta chokaa."

Kwenye ukingo wa hori palikuwa na tanuri la chokaa la mtu aliyeitwa Boga. Alichoma matumbawe juu ya magogo, akayamwagia maji, akauza unga wake kwa waashi. Chenga zilizobaki, ambazo mwashi hazitaki, alizitupa. Kahaso alikubaliana naye kwamba atambebea mawe mabichi kutoka ufuoni hadi tanurini, na kwa malipo atachukua chenga zote. Akabeba mawe asubuhi, akabeba chokaa alasiri. Nyamvula alimsaidia, mtoto mdogo akiwa mgongoni. Chokaa iliwachanja mikono hata ikawa kukanda unga ni adhabu, nao wakawa wakipakana mafuta ya nazi jioni kama wanawake waliojifungua karibuni.

"Mama," Nyamvula alimwambia siku moja wakiwa wamepumzika, "maji ya kisima yameanza kuwa na ladha ya msumari."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Sikutaka kukwambia. Mtoto anayatema."

Kahaso alisimama, akajitwika karai, akaenda safari nyingine ambayo hakuwa amekusudia kwenda siku ile.

Walichanganya chokaa na majivu, wakaongeza samadi ya ng'ombe, wakakwatua tope lote la chini kwa jembe. Kisha wakapanda ukoka, kipande kwa kipande, kila kimoja kirefu kama kidole. Manyunyu ya kipupwe yaliusaidia. Kufikia mwezi wa nane, mtu akisimama kisimani akatazama juu, aliona kijani hadi mlangoni kwa Kahaso na hatua nyingi kupita hapo. Majirani walikuja kutazama. Wengine walidhani ametumia dawa.

Lakini mteremko wa lundo ulikataa. Ukoka ulishika siku kumi, kumi na mbili, kisha manyunyu yakateremka na ngozi yote ya juu ikateleza pamoja na majani yake, ikafika chini imekunjamana kama mkeka. Kahaso aliupanda tena. Ukateleza tena. Mara ya tatu aliketi juu ya jiwe akautazama bila kuupanda.

"Majani hayawezi kushika ukuta," alisema Absalom. "Kwenye reli tulipanda mivinje. Mizizi yake huingia ndani ikaufunga udongo kama kamba ya kitanda."

"Mvinje ni mti."

"Ni mti, ndiyo. Ulidhani nasema habari za mchicha?"

"Nimeitaja ada kwa kinywa changu mwenyewe, shemeji. Sitapanda mti."

Absalom akajikuna kidevu. "Basi tupige vigingi, tusuke makuti katikati yake. Safu tatu za kukata mteremko. Kigingi si mti. Kigingi ni kuni iliyosimama."

Jambo hilo Kahaso alilikubali. Safu mbili za chini walizipiga kwa vipande vya mikoko vilivyobaki kwenye ua wa zamani wa Absalom, vikavu kama mifupa. Vikaisha. Kwa ajili ya safu ya juu, inayopita kando ya njia, Absalom alileta mzigo mwingine juu ya rukwama. Vilikuwa vijiti vinono vya rangi ya kijivu, vimekatwa upya.

Kahaso alisimamisha cha kwanza na kukipiga kwa nyundo ya mti. Utomvu ukamrukia mkononi, ukamwachia doa. Akautazama. Akakitazama kijiti. Harufu yake aliijua tangu utotoni Rabai, ambako kila boma na boma lilitenganishwa kwa mti huo. Ulikuwa mbono. Kijiti cha mbono kikichomekwa ardhini, hata kiwe kimekaa juani mwezi mzima, huota.

"Shemeji," akasema polepole, "vigingi hivi umevikata wapi?"

Absalom alikuwa akifunga kamba ya rukwama, naye hakuinua uso. "Nyuma ya kambi ya zamani ya reli. Mimi nimeleta kuni. Vikiota masikio, si mimi niliyevituma."

"Absalom."

"Jua la vuli ni kali. Huenda vikafa. Nani ajuaye?"

Kahaso alitazama chini, kule kwenye paa la nyumba ya Nyamvula na duara jeupe la kisima. Akaambia nafsi yake kwamba jua la vuli ni kali kweli, na kwamba ardhi hii imeua mahindi, haitashindwa kuua mbono. Aliyasema hayo moyoni kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Kisha akachukua kigingi cha pili. Walipiga arobaini na kimoja siku ile.

Vigingi havikufa. Mvua ya kwanza ya vuli ilipoanguka, kila kimoja kilifungua jicho la kijani karibu na ncha, kisha mawili, kisha matano. Mteremko ukatulia. Ukoka uliopandwa nyuma ya safu ile haukuteleza tena. Maji yaliyotoka chini ya lundo, yaliyokuwa mekundu kama kutu, yakaanza kupauka. Nyamvula alileta kata ya maji kutoka kisimani, akampa mamake anywe, na Kahaso akayaweka mdomoni kwa muda mrefu kabla ya kuyameza. Ladha ya msumari ilikuwepo bado, lakini ilikuwa ya kutafuta.

Furaha ile haikumkaa vizuri. Asubuhi alipotoka nje, macho yake yalikwenda kwanza kwenye safu ya juu, yakapima urefu wa matawi. Mara mbili alichukua panga ayapogoe yasionekane njiani. Mara mbili alirudi nalo.

Jamaludin alipita kwa baiskeli siku ya Ijumaa, akitoka msikitini. Alisimama, akashuka, akaiegemeza baiskeli kwenye kiuno chake. Alihesabu kwa kidole. Kisha akavunja kijitawi kimoja, akakitia mfukoni mwa kanzu, akaondoka bila kubisha hodi.

Jumapili, Kahaso alipotoka kanisani, alikuta ameitwa. Alikwenda na Absalom. Bi Khairiya alikuwa ameketi uani juu ya mkeka, na Jamaludin amesimama kando yake.

"Shangazi," Jamaludin akaanza mara baada ya salamu, akaliweka lile tawi mkekani, "hili ni jani la nini?"

"La mbono. Wanifanya mtoto mdogo?"

"Na mbono hupandwa wapi?"

Bi Khairiya akaliokota lile tawi. "Mpakani," akasema.

"Arobaini na moja, shangazi. Mstari umenyooka kama uzi, umefuata njia hadi kwenye korongo. Mtu mgeni akipita leo atasema hapa ndipo linapoishia shamba la Bi Khairiya, na kule chini ni kwa mwingine."

"Ni vigingi vya kuzuia tope," Absalom akasema.

"Mzee Absalom, kigingi chenye majani mimi sijakiona." Jamaludin hakupandisha sauti, alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo lilizidi kumtisha Kahaso. "Kule Kisauni kulikuwa na mzee aliyemhurumia mkaazi wake, akamwachia apande minazi kumi na miwili. Mzee akafa, mkaazi akafa. Leo watoto wa huyu na watoto wa yule wako kortini mwaka wa tano. Nazi zinaanguka zinaoza, hakuna anayethubutu kuokota. Mimi sitaki kurithi kesi."

Bi Khairiya aliligeuzageuza lile tawi. Alipoinua uso, alimtazama Kahaso kwa namna ya mtu anayemfungulia mwenziwe mlango wa nyuma.

"Pengine hakutambua," akasema. "Kijiti ni kijiti. Kikikatwa majani, nani ataubagua mbono na mkoko? Eti, Kahaso? Hukujua, sivyo?"

Absalom akakohoa. Kahaso aliona wazi kwamba neno moja tu lilitakiwa kwake, na kwamba kwa neno hilo angekaa, na tope lingezuiliwa, na wajukuu wake wangekunywa maji. Mwanamke huyu alikuwa amekwisha kumwekea neno hilo mkononi. Alifungua kinywa alitamke, akamwona Bi Khairiya alivyoinamisha kichwa kulipokea, kikongwe kile kilichompa mwaka mzima bila karatasi wala shahidi, akashindwa.

"Nilijua, bibi."

"Ulijua?"

"Nilipokipiga cha kwanza utomvu ulinirukia mkononi. Nikajua. Nikapiga vingine arobaini."

Jamaludin alimtazama shangazi yake. Bi Khairiya aliliweka lile tawi chini. Kisha akaifutika mikono yake ndani ya leso.

"Mimi nilikupa muda," akasema. "Sikukupa mpaka."

"Miti si yangu, bibi. Naliweka neno hilo mbele ya hawa."

"Neno lako la kwanza pia uliliweka mbele yangu." Safari hii hakumwita mwanangu. "Sitakufukuza, Kahaso wa Ngala. Masika hayajafika, na ahadi yangu mimi naitimiza. Lakini ile safu ya juu ing'oe yote. Jamaludin ataangalia."

Aliing'oa kesho yake. Mchanga wa njiani ulikuwa umelowa, na kila kigingi kilitoka kwa sauti ya kitu kinachoachishwa ziwa. Mizizi ilikuwa myeupe, mipya, imevishika vipande vya mawe meusi kama vidole vya mtoto mchanga vishikavyo kidole cha mamaye. Ilimbidi aikung'ute ili iachie. Jamaludin alisimama njiani akiwa na mwavuli uliofungwa.

"Mama Nyamvula," akasema walipofika katikati ya safu, "mimi sina chuki nawe."

"Najua, Bwana Jamaludin. Chuki ingekuwa nafuu. Chuki hupoa."

Mwishoni Jamaludin alisaidia kuvirundika vigingi kando ya njia, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaenda.

Mvua kubwa ilikuja siku ya tisa, asubuhi ya Jumatano, baada ya chai. Haikuwa na upepo; ilishuka wima, nzito, kama maji yanayomwagwa na mtu aliyechoka kuyabeba. Kahaso alisimama mlangoni akitazama juu. Kwanza lundo liling'aa. Kisha sehemu yake ya juu ikakunjamana, polepole kabisa, na mahali palipokuwa na safu ya mbono pakapasuka. Tope likaifikia safu ya pili. Vile vijiti vya mikoko vikasimama kidogo, vikainama, vikavunjika kimoja baada ya kingine. Sauti yake aliisikia ndani ya mvua. Safu ya tatu haikusimama hata kidogo.

"Nyamvula!" akaita. "Leta jembe! Wapeleke watoto kwa jirani!"

Walichimba mfereji juu ya kisima, mama na binti, wakiwa wamezama hadi kwenye vigimbi, na tope likiwaingia kwa nyuma kadiri walivyolitupa mbele. Mumewe Nyamvula alikuwa kazini bandarini. Absalom alikuja, akachimba akiwa amepiga goti moja kwa sababu ya mguu wake. Adhuhuri mvua ilipungua. Tope lilikuwa limefunika nusu ya ukoka, limeegemea ukuta wa nyuma wa nyumba ya Kahaso hadi usawa wa dirisha, na ulimi wake mmoja ulikuwa umesimama hatua thelathini kutoka kisimani.

Kahaso aliketi chini pale pale kwenye maji. Kazi ya miezi mitano ilikuwa imelala chini ya weusi ule. Hakulia. Aliwaza tu ni kitu gani atakachobeba kwanza akiondoka, na akagundua kwamba hajui aendako, kwa maana Rabai hakubakiwa na mtu ila ndugu ambao wangemweka kama mgeni.

Absalom aliondoka bila kuaga. Saa tisa alirudi, na nyuma yake, akishikiliwa mkono na Jamaludin chini ya mwavuli, alikuja Bi Khairiya. Alikuwa ameinua pindo la buibui lake kwa mkono mmoja. Hakuwa amefika shambani kwake tangu kabla ya vita.

"Shikamoo, bibi," Kahaso akasema, akijaribu kusimama.

"Marahaba. Pole." Mkongwe aliitazama nyumba, akautazama mteremko, akatazama kule kisimani walikokuwa wajukuu wa Kahaso wamerudi kuchungulia. "Ndiyo haya waliyoniachia wachimbaji," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Nami niliwapa ruhusa, tena nikiwa nimeketi juu ya mkeka wangu." Kisha akauliza, "Vile vijiti viko wapi?"

Vilikuwa kando ya njia, palepale viliporundikwa. Mbono ni mti usio na haya. Siku tisa umetupwa, na majani yake yalikuwa bado kijani.

"Nipe kimoja."

"Shangazi, utachafuka," Jamaludin akasema.

"Nikifa wataniosha. Nipe."

Kahaso alimletea. Bi Khairiya aliachia mkono wa Jamaludin, akaingia kwenye tope kwa viatu vyake, akapanda hatua mbili, tatu, nne, mpaka Absalom alipokwenda nyuma yake kumkinga asianguke. Alipofika mahali penye ufa alikisimamisha kijiti, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Sikiza, Kahaso. Mkono upandao ndio wenye mti. Nikikishika mimi, miti hii ni yangu, na hakuna mpaka hapa. Nikifa ni ya huyu." Akamwashiria Jamaludin kwa kidevu. "Wewe hutakuwa na neno juu yake, wala Nyamvula, wala watoto wake. Utaitunza, utainyweshea, na haitakuwa yako. Wanielewa?"

"Nakuelewa, bibi."

"Jamaludin. Siku hiyo utamwacha akae?"

Jamaludin aliutazama mwavuli wake, akaukung'uta maji. "Mambo ya mbele yana wakati wake, shangazi."

"Umesikia," Bi Khairiya akamwambia Kahaso.

"Nimesikia."

"Na bado wataka?"

Mtoto mkubwa wa Nyamvula alikuwa ametumbukiza kata kisimani, na mamake akamzuia mkono, akayanusa maji kwanza. Kahaso aliwaona. Alipanda mteremko, akaiokota nyundo ya mti kutoka kwenye tope, akaipangusa kwa leso yake.

"Nataka, bibi."

"Basi piga."

Aliogopa kuipiga ile mikono myembamba, na pigo la kwanza likawa jepesi, kijiti hakikusogea.

"Piga, hebu. Mimi si yai."

Kahaso akapiga. Kigingi kikaingia robo, kikaingia nusu. Bi Khairiya alikitikisa kuona kama kimeshika, akahema, kisha akasogea hatua moja kando na kunyoosha mkono kwa Absalom apewe cha pili.